Mama Mtanzania, baba Mkenya: binti yetu anatimiza miaka 18, ni raia wa wapi?

"Mwanasheria, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Usa River, na wazazi wangu wote ni Wameru. Mume wangu ni Mkenya wa Voi. Tulifunga ndoa Nairobi nilipokuwa nafanya kazi huko, na binti yetu wa kwanza alizaliwa hukohuko. Ana cheti cha kuzaliwa cha Kenya, na utotoni alisafiri kwa pasipoti ya Kenya ambayo imeshaisha muda. Miezi mitano ijayo anatimiza miaka 18. Mdogo wake wa kiume ana miaka sita, amezaliwa Arusha. Tulihamia Arusha miaka kumi na moja iliyopita. Mume wangu yupo kwa kibali cha ukaazi cha kazi, ila mwaka wa tano alirudi Voi miezi kumi na minane kumuuguza baba yake, na miaka mitatu iliyopita kibali kiliisha tukachelewa kukihuisha kwa miezi minane. Wakwe wanasema mtoto ni wa baba, kwa hiyo binti ni Mkenya na hana chake huku. Jirani anasema mume wangu apewe uraia tu kwa kuwa amenioa mimi, na kwamba Afrika Mashariki sasa ni moja. Binti anataka kuomba mkopo wa chuo hapa Tanzania. Kwenye cheti chake jina langu limeandikwa kwa ukoo wa mume, wakati vyeti vyangu vyote vina ukoo wa baba yangu. Nianzie wapi?"

Dada yangu, barua yako ina watu watatu, na kila mmoja sheria inamtazama kivyake. Binti yako alipata uraia kwa njia moja, mdogo wake kwa njia nyingine, na baba yao hajaupata kabisa ingawa ameishi Arusha miaka kumi na moja. Nitaanza na binti kwa sababu ndiye mwenye tarehe inayomkimbiza. Suala la jina lako kwenye cheti nitalipa nafasi yake mwishoni, maana kwa uzoefu wangu faili za namna hii hukwama hapo kuliko kwenye sheria yenyewe.

Unaogopa kwamba binti hana chake Tanzania. Anacho. Sheria ya Uraia wa Tanzania ya 1995, ambayo ni Sura ya 357 ya sheria zetu, inasema mtu aliyezaliwa nje ya nchi ni raia wa kurithi endapo siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia wa Tanzania. Neno la kushika hapo ni hilo "au". Siku ulipojifungua Nairobi ulikuwa raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, kwa hiyo mtoto alianza maisha akiwa Mtanzania tayari. Hukutakiwa kwenda ubalozini ndipo awe raia, wala hakuna afisa aliyetakiwa kumkubali.

Wakwe zako msiwalaumu sana. Wanachosema kiliwahi kuwa sheria. Chini ya sheria ya uraia tuliyoanza nayo uhuru mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa nje alirithi uraia wa baba, na mama Mtanzania aliyezaa nje ya nchi hakuwa na cha kumpa. Sheria ya 1995 ndiyo iliyomweka mama sawa na baba kwenye kurithisha. Hiyo ni miaka mingi kabla binti yako hajazaliwa, lakini mawazo ya watu huchelewa kubadilika kuliko vitabu vya sheria. Tena kuna kuchanganya mambo mawili hapa. Kwa ukoo binti ni wa Voi, na hilo halina ubishi, hata kwenu Wameru ukoo huenda kwa baba. Ila kaunta ya Uhamiaji haiulizi mtoto ametahiriwa na nani au mahari ilipokelewa wapi. Inauliza siku ile amezaliwa, wazazi wake walikuwa raia wa nchi gani.

Sasa upande wa pili. Binti huyohuyo ni Mkenya pia. Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia wa Kenya, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Kwa hiyo kwa karibu miaka 18 amekuwa na nchi mbili, na kwa mtoto hilo si kosa. Sheria yetu inavumilia uraia wa nchi mbili kwa mtu ambaye hajafikisha umri wa utu uzima. Ile pasipoti ya Kenya aliyosafiria utotoni haikumvua Utanzania wake. Haikumpa Ukenya pia, kwa kweli, kwa sababu alikuwa nao tangu awali. Pasipoti ni ushahidi wa uraia, na ushahidi unaweza kuisha muda wake huku kinachoshuhudiwa kikibaki palepale.

Nimelisema hilo la ushahidi kwa sababu lina makali upande wa pili. Wapo wazazi wanaoniambia, "Mtoto wangu hana karatasi yoyote ya Kenya, kwa hiyo hana uraia pacha." Anao. Kama sheria ya nchi nyingine inamhesabu kuwa raia wake tangu kuzaliwa, kutokuchukua karatasi zake hakumwondoi kwenye hesabu. Mwanao wa miaka sita ni mfano mzuri, nitamrudia.

Akitimiza miaka 18 uvumilivu huo unafika mwisho. Mtu mzima hawezi kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Anayetaka kubaki Mtanzania anatakiwa aukane uraia wa nchi ile nyingine na ale kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano. Aliyezaliwa nje, kama binti yako, huongezewa tamko kuhusu nia yake ya makazi. Akikaa kimya muda uliowekwa ukapita, anayekoma ni Mtanzania, si Mkenya. Hapo ndipo watu wengi huumia: wanadhani kunyamaza ni kubaki na vyote, kumbe kunyamaza ni kuchagua, na kunachagua upande usiodai chochote. Kenya haidai. Ibara ya 16 ya katiba yao inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Mlango unaofunga ni wa kwetu.

Utasikia watu wakisema uraia pacha umeshapita Tanzania. Haujapita. Kinachozungumzwa kwa Watanzania wa diaspora na watoto wao ni hadhi maalumu, yaani ruhusa na nafuu fulani kwa mtu ambaye tayari ni raia wa nchi nyingine. Hadhi maalumu haipigi kura. Binti asipange maisha yake juu ya habari za kwenye vikundi vya simu.

Achague nini? Hilo ni lake, na nakuomba mumwachie kwa kweli, si kwa maneno, maana naona wakwe wanavuta huku na wewe unavuta kule. Nitakuwekea uzito wa kila upande tu. Akibaki Mtanzania, anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao ni wa raia peke yao, na anaweza kumiliki ardhi. Hili la ardhi lina uzito kwenye familia ya Meru yenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kihamba cha bibi hakiingii kwenye uwekezaji wowote. Upande wa pili, akiukana Ukenya, ardhi ya babu Voi ataweza kuishika kwa upangaji tu usiozidi miaka 99, kwa sababu ibara ya 65 ya katiba yao haimpi mgeni zaidi ya hapo.

Kuna tofauti moja ambayo kwangu huinamisha mizani. Katiba ya Kenya, ibara ya 14, iliwapa Wakenya wa kuzaliwa ambao, ilipoanza kutumika mwaka 2010, walikuwa wameshapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, haki ya kuomba na kuurudisha. Katiba yetu ya 1977 haina ibara ya namna hiyo. Ibara hiyo haimtaji anayeukana leo, lakini inaonyesha Kenya inavyowatazama watu wake: mtoto mwenye nchi hizi mbili akiegemea Tanzania leo, mlango wa nyuma yake huenda umerudishiwa tu, haukupigwa kufuli, ila aliulize hilo Kenya kabla ya kukana. Akiegemea Kenya, wa Tanzania ni mgumu kuufungua tena. Ningekuwa na binti wa miaka 17 mwenye maisha yake yote ya shule Arusha, ningemwonyesha jambo hilo kwanza. Halafu ningenyamaza.

Kama atachagua Tanzania, mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe. Miezi hii mitano itumieni kupata ushahidi wa Utanzania wake akiwa bado mtoto: ombi la pasipoti ya Tanzania kupitia Uhamiaji, kwa cheti chake cha Nairobi, cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho chako cha taifa na cheti cha ndoa. Akishatimiza miaka 18 ndipo aombe kuukana uraia wa Kenya, maana mtoto hawezi kuukana, na huko atatakiwa aonyeshe kwamba ana nchi nyingine asije akabaki mikono mitupu. Karatasi ya kukana ikitoka, anarudi nayo Uhamiaji kula kiapo. Nimeona watu wakianza mwisho: kijana anakana kwanza, kwa haraka, halafu upande wa pili wanamwambia alete ushahidi kwamba mama alikuwa raia, na cheti cha mama kimepotea. Kwa miezi kadhaa kijana yule hakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote, na hata laini ya simu alisajiliwa na dada yake.

Na katika kipindi hiki chote, avuke mpaka wa Namanga kwa hati ya nchi moja. Wapo wanaogonga muhuri wa kutoka kwenye pasipoti hii na wa kuingia kwenye ile. Kwa mtoto hilo linaeleweka. Kwa mwenye miaka 18 na wiki mbili, ni mwanzo wa mahojiano marefu.

Jambo moja zaidi kuhusu binti, ambalo halina haraka lakini nisingependa alisikie akiwa na miaka 30. Uraia wa kurithi hauendi zaidi ya kizazi kimoja nje ya nchi. Wewe umezaliwa Usa River, kwa hiyo uliweza kumrithisha mtoto aliyezaliwa Nairobi. Yeye, aliyerithi, akijifungua nje ya Tanzania hataweza kumrithisha mwanawe kwa njia hiyohiyo. Akijifungua ndani ya Tanzania hakuna shida, mtoto atakuwa raia wa kuzaliwa. Mdogo wake hana kikomo hicho, kwa sababu yeye amezaliwa Arusha. Tumbo moja, baba mmoja, na bado hao wawili hawako sawa mbele ya sheria.

Huyo mdogo wake basi. Ni raia wa kuzaliwa: amezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano, na mama yake ni raia. Wakati huohuo ni Mkenya, kwa sababu ibara ile ya 14 haijali kwamba alizaliwa Arusha. Ana miaka kumi na miwili kabla ya kufika alipo dada yake. Kwa sasa mtunzieni vyeti.

Hapa nisahihishe dhana ambayo haiko kwenye barua yako lakini iko kila mahali, kwamba anayezaliwa Tanzania ni Mtanzania, basi. Ukisoma kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia kama kilivyoandikwa utadhani hivyo, kwa sababu kinasema kila aliyezaliwa nchini tangu Siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia na wa adui. Utekelezaji haukuwahi kuwa mpana kiasi hicho. Serikali hudai angalau mzazi mmoja awe raia. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walioishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo walizaa watoto na wajukuu humohumo makambini, watoto wasioijua Burundi hata kwa picha, na bado watoto hao hawakuhesabiwa raia. Waliupata uraia kwa tajnisi, yaani uraia wa kuomba na kupewa, pamoja na wazazi wao, watu zaidi ya 160,000, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Mimi naona maneno ya sheria na utekelezaji wake havisomeki pamoja, na siku moja Mahakama au Bunge litalazimika kulimaliza. Mwanao halimgusi, kwa sababu wewe upo. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa cha RITA peke yake hakitoshi kuwa ushahidi wa uraia. RITA husajili vizazi vyote vilivyotokea nchini, vya raia na vya wageni. Hata kadi ya NIDA: wanatoa kwa raia, kwa wageni wakaazi na kwa wakimbizi, kila kundi na yake.

Sasa baba yao. Jirani amekosea mara mbili, na kosa la kwanza lina uchungu ndani yake. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba na kupewa uraia kwa tajnisi kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana. Kifungu kinasema mwanamke, na kinamaanisha mwanamke. Wewe ungetaka Ukenya, katiba yao ibara ya 15 ingekupa haki ya kusajiliwa baada ya miaka saba ya ndoa, na ingempa haki hiyohiyo mwanamume. Ya kwetu imelala upande mmoja, na sitaipamba. Lakini usichukue ile njia ya Kenya kwa hasira. Ukijisajili kule ukiwa mtu mzima, Utanzania wako unaondoka.

Kosa la pili ni hilo la Afrika Mashariki moja. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inahusu kuvuka mipaka, kufanya kazi, kukaa na kufungua biashara. Haitoi uraia. Hakuna kitu kinachoitwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na pasipoti mpya yenye jina la Jumuiya kwenye jalada bado hutolewa na nchi ya mwenye nayo.

Kwa hiyo mume wako ana njia moja ya kuwa Mtanzania, nayo ni tajnisi ya kawaida, ile ambayo angeipitia hata kama asingekuoa. Masharti yake makubwa ni haya: awe mtu mzima, mwenye tabia njema, anayejua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, mwenye mchango kwa taifa, na awe ameishi nchini muda wa kutosha. La lugha kwa mtu wa Voi tuliache, asije akamsahihisha afisa.

Tufanye hesabu ya muda, maana watu huikosea. Sheria inataka awe amekaa nchini mfululizo miezi 12 inayotangulia siku ya kupeleka ombi. Halafu, katika miaka 10 iliyo kabla ya hiyo miezi 12, awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Hiyo saba si lazima iwe mfululizo. Mmehamia miaka kumi na moja iliyopita, kwa hiyo dirisha lote limejaa: miaka 10 ni miezi 120. Toa miezi 18 ya Voi. Zinabaki 102. Miezi minane ya bila kibali usiihesabu, na asithubutu kuihesabu mwenyewe kwenye fomu. Zinabaki 94. Inayotakiwa ni 84. Amevuka kwa miezi kumi, lakini kumbuka dirisha hili hutembea: siku akipeleka ombi ndiyo siku hesabu inapoanza kurudi nyuma. Na kwa huu mwaka mmoja wa mwisho atulie. Krismasi ya Voi ya wiki tatu ni jambo la kawaida kwa binadamu, ila neno "mfululizo" likisomwa na afisa mwenye pasipoti iliyojaa mihuri ya Namanga mkononi, utatumia saa nzima kueleza. Akilazimika kusafiri, atunze ushahidi wa sababu na wa siku.

Ile miezi minane usiifiche. Kukaa bila kibali ni kosa la uhamiaji, na rekodi ipo, pengo kati ya kibali kimoja na kingine linaonekana kwa macho. Ukieleza mwenyewe, una kosa moja la zamani lililorekebishwa. Ukificha likagundulika, una udanganyifu kwenye ombi la uraia, na uraia wa tajnisi uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi. Hapa pekee ndipo ningekuambia kabisa msiende bila wakili.

Mchakato wenyewe ni wa subira. Fomu, malipo kwa namba ya kumbukumbu, wadhamini wanaomfahamu, na tangazo gazetini, mara mbili mfululizo, la kusudio lake la kuomba uraia, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mteja wangu mmoja alilikata lile tangazo, kipande kidogo kama stempu, jina lake limekosewa herufi moja, na tukalazimika kulirudia lote. Soma nakala ya tangazo kabla halijachapwa. Baada ya hapo ombi hupitia ngazi ya kata, wilaya na mkoa, na huko watauliza majirani, mwenyekiti wa mtaa, mwajiri. Mtu aliyekuwa akihudhuria misiba ya mtaani huonekana tofauti na mtu aliyekuwa akijifungia getini, na hilo haliandikwi kwenye sheria yoyote. Mwisho faili hufika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Waziri anaweza kukubali au kukataa, halazimiki kutoa sababu, na sheria imefunga rufaa dhidi ya uamuzi wake. Kutimiza masharti kunampa haki ya kuomba. Kupewa ni jambo jingine.

Akikubaliwa, atatakiwa aukane Ukenya. Nakushauri mkae mlizungumze hilo kwa uzito, kwa sababu si kila mume anayeishi na mke wake Arusha anahitaji kuwa Mtanzania. Njia ya kuendelea na kibali cha ukaazi daraja B, na kibali cha kazi pembeni, ni ya gharama na ya kuchosha, inategemea ajira, lakini haimvui kitu. Kama ardhi ya Voi iko kwa jina lake, kama ana wazee kule wa kuwatunza, kubaki Mkenya mwenye vibali vilivyokamilika si aibu wala kushindwa. Kama kazi yake inayumba na kila baada ya muda mnahangaikia kibali, tajnisi ina mantiki zaidi.

Nimebaki na jina. Cheti cha binti kinasema mama yake ni fulani wa ukoo wa mume, vyeti vyako vinasema ukoo wa baba yako. Kwako ni mtu mmoja, kwa afisa ni wanawake wawili, na haki yote ya binti inapita kwa mmoja wao. Kishawishi ni kwenda Nairobi kubadilisha cheti. Mimi singekimbilia huko. Cheti kilichorekebishwa kitakuwa na tarehe ya juzi, na cha juzi huzua maswali ambayo cha miaka 17 hakizui. Kiacheni kilivyo, na mjenge daraja: hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo ukieleza kwamba majina yote mawili ni yako, na cheti cha ndoa cha Nairobi kinachoonyesha ukoo wako wa kuzaliwa na jina la mume kwenye karatasi moja. Hicho cheti cha ndoa ndicho nguzo. Kama kilipotea, tafuteni nakala iliyothibitishwa sasa hivi, kabla ya kitu kingine chochote. Weka pia kadi ya kliniki ya ujauzito au karatasi ya hospitali ya siku ya kujifungua, kama ulikuwa ukitumia jina la usichana. Mama mmoja niliyemsaidia alikuwa na kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya Biblia kwa miaka kumi na tisa, imefifia, lakini namba ya pasipoti yake ya Tanzania iliandikwa kwa kalamu ya bluu pembeni. Afisa aliisoma ile namba mara mbili, akafunga faili, akasema tuendelee.

Huenda ukaombwa pia ushahidi wa wazazi wako, kwa kuwa urithi wa uraia wa binti unasimama juu ya kuzaliwa kwako. Vyeti vyao vya kuzaliwa kama vipo, au hati ya kiapo kwa wazee wasio na vyeti, na barua ya serikali ya kijiji. Kama mama yako bado yuko hai Usa River, nenda kwake na umkalishe chini wiki hii. Maswali ya alizaliwa wapi, lini, na nani alikuwa mzalishaji yana majibu leo.

Ofisi ya kwenda ni ya Afisa Uhamiaji wa Mkoa, Arusha, na uende na binti mwenyewe. Mume afungue lake faili tofauti, siku tofauti, yasichanganywe. Kama pesa ya wakili haipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya wakuelekeze. Vishoka wanaokaa nje ya geti wakikuambia wana mtu ndani, wapite. Risiti ya kishoka haimo kwenye faili, na siku ya kuulizwa karatasi ilipatikanaje, atakayekuwa amesimama kaunta ni binti.